Jina la mkwe wangu kwenye kitabu cha Kabula

Kabungu, Jumapili

Kabula mjukuu wangu, tuzo ya riwaya haikupi ruhusa ya kunivunjia heshima!

Leo kaniletea kitabu chake kipya cha watoto, bado hakijachapwa. Bibi wa humo ni mimi. Eti nampelekea baba mkwe maziwa, namwita kwa jina lake. Mimi! Kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Jina lile halijatoka mdomoni mwangu hata siku tuliyomzika.

Nikamwambia. Akacheka. "Bibi, watoto wa mjini hawajui hayo."

"Si ndiyo uwafundishe! Nyie wasomi mnadanganya kwa mwandiko mzuri."

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kosa naliona. Naogopa nikishakufa, kitabu ndicho kitakachoaminiwa.

Kesho hapandi bajaji ya Mpanda mpaka alifute jina lile, aandike "baba", kisha anisomee.