Kitu Ambacho Sikukiposti

3 Machi

Mama, shikamoo.

Habari za hapo nyumbani? Cherehani haikusumbui? Mimi mzima, ila vidole vimebabuka kwa kupiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu imeibwa na ukurasa wangu wa mtandaoni siwezi kuufungua tena. Lakini mama, ukurasa huo bado unaposti. Sura yangu, sauti yangu, bila kipodozi, na yale maneno yangu: "Mimi ndiye huyu, sifichi kitu." Huyo anayeutumia akikupigia, usimpokee. Naogopa.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima raha. Hivi ni masihara? Mwanangu alinipigia kila jioni, na Jumamosi akafika na begi lake. Ana kovu la pasi kiganjani. Nilimuuliza maneno ya mwisho ya baba yake, akayasema. Nikamuuliza nilimwitaje alipougua surua, akajibu huku anacheka. Hata kukoroma anakoroma vilevile.

Kama ni wewe, niambie kitu ambacho yeye hawezi kukijua.

Mama, kama kweli ni mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo.

Siulizi hali, naogopa jibu. Siku tatu natafuta. Kovu nilishawaonyesha wafuasi wangu. Kifo cha baba nilikisimulia nikilia, na hiyo surua pia nikaisimulia. Yote nimeyamwaga mle ukurasani, maana niliapa kuwa mkweli.

Kimebaki kimoja. Siku ya mazishi ulijifungia chumba cha kushonea. Nilichungulia. Ulikuwa umekaa sakafuni na ile suruali ya baba uliyokuwa unaipunguza, unacheka peke yako, huwezi kujizuia. Sikumwambia mtu, kwa sababu hilo ni lako, si langu.

Mfukuze, mama. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, nitakuja. Usinisahau.

Mwanao

15 Aprili

Ndugu yangu,

Hujambo huko? Sisi wazima kabisa. Macho ya mama yamechoka, kwa hiyo barua zinazokuja nazipokea mimi.

Ile ya suruali nimeirekodi asubuhi, humo humo chumba cha kushonea, bila kipodozi. Watu wamelia sana. Mama aliitazama mara mbili, akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa kunitilia shaka.

Una nyingine?

Binti yake