Tunapata Mbu Tu

Dada mpendwa,

Pokeeni salamu nyingi kutoka kwangu, wewe, shemeji na watoto. Natumai mguu wa shemeji umepona na sasa anapanda ngazi bila kulalamika, ingawa namjua, huyo atalalamika hata akipewa mguu mpya. Sisi huku wazima. Mama hajambo, mgongo unamsumbua asubuhi tu. Mimi mwili haudai kitu, ila kichwa kimechakaa kama kitambaa cha kupigia deki. Ningekupigia simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, kwa hiyo namkabidhi barua dereva wa ofisi anayekuja huko kesho. Tafadhali uisome mpaka mwisho.

Uliwahi kuniuliza hasa nafanya nini katika idara ya ardhioevu, nikakujibu natunza mabonde. Ukweli ni kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikipigania ukurasa mmoja wa karatasi. Fomu inayotumiwa kuamua bonde libaki au lifukiwe ina maswali matatu, kila moja na ukurasa wake: ukubwa, mipaka, na nani mwenye ardhi. Basi. Hakuna pa kuandika bonde linafanya nini. Kwamba linanyonya mvua ili mtaa wa chini usiamke unaelea, kwamba linachuja maji kabla hayajafika kwenye pampu ya mji, kwamba watu wanavuna mafunjo na kuvua kambare humo. Nilitaka ukurasa wa nne, wa huduma ambazo bonde linawapa watu. Ukurasa mmoja, dada! Ungedhani nimeomba ninunuliwe ndege.

Mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa sababu mwenye ufunguo wa chumba alikuwa msibani. Katika wa pili, mkurugenzi wetu, tunayemwita Bwana Rula kwa jinsi anavyopiga mstari chini ya kila sentensi asiyoielewa, alisema neno "huduma" liondolewe, kwani kinamasi si mhudumu wa hoteli. Nikaandika "faida". Katika wa tatu akauliza neno "huduma" limekwenda wapi. Ninyamaze nisije nikakufuru. Mhandisi wa majengo naye alikuwa akija na ramani yake ya gereji ya magari ya serikali, ananigonga begani na kuniambia eti hajawahi kupokea malalamiko ya chura.

Nilipokaribia kukata tamaa, Rula akakubali tufanye jaribio katika bonde moja. Likifaulu, ukurasa wangu utaingia kwenye fomu za mabonde yote. Na bonde walilochagua ni lile ambalo mhandisi anataka kulimwagia kifusi. Letu, dada. Hilo hilo la nyuma ya nyumba ya mama.

Kwa kuwa ni nyumbani kwetu, sikuruhusiwa kuhoji watu. Walikwenda makarani wawili, nyumba arobaini. Waliporudi Alhamisi, nyumba thelathini na sita zilikuwa zimesema hazipati chochote bondeni. Tena kwa maneno yale yale: "Sisi hapa tunapata mbu tu." Fomu ya juu kabisa kwenye rundo ilikuwa ya mama yetu mzazi. Mama, aliyetulea kwa kusuka mikeka ya mafunjo! Karani, mtu mwaminifu mpaka kero, aliandika pembeni kwamba mhojiwa alijibu akiwa ameketi juu ya mkeka mpya, mwingine ukiwa nusu mapajani mwake, na kwamba alipomaliza kusema hapati chochote alimfungia kambare wawili wa kwenda nao.

Ijumaa mkutanoni Rula aliisoma sentensi ile ya mbu kwa sauti. Watu walicheka mpaka mhandisi akajifuta machozi. Rula akasema watu thelathini na sita hawawezi kukosea kwa sentensi moja, wenye bonde wameshasema, na uamuzi utatolewa wiki inayofuata. Mimi nilitazama meza.

Jumamosi nilikwenda kwa mama nimefura kama andazi. Sikungoja hata kukaribishwa. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya wakubwa, ameua kazi ya miaka miwili, amelisaliti bonde lililomlisha. Mama aliendelea kusuka mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza taratibu, "Umemaliza? Haya, niambie, maneno yale alinifundisha nani?"

Dada, niliketi chini kwenye mkeka wake. Hili sijawahi kukuambia. Miaka tisa iliyopita, mwezi wangu wa kwanza kazini, idara ilikuwa ikipita mabondeni kuwanyang'anya waliovuna mafunjo miundu yao na kuwafukuza. Nilijua msafara ungefika kwetu Jumatano. Jumanne nilidanganya kuwa naumwa jino, nikaja mbio kumwonya mama: wakiwauliza, semeni hapa mnapata mbu tu. Mama akawafundisha wanawake wenzake nyumba kwa nyumba. Wakapona wote, nami nikajiona shujaa. Sentensi ile ni yangu, neno kwa neno. Niliitambua nilipoiona tu kwenye fomu, kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Ndiyo maana mkutanoni nilitazama meza, na ndiyo maana nilihitaji mtu wa kumgombeza. Nikampata mama.

Nilimwomba radhi, akaniwia radhi kabla sijamaliza. Lakini kubadilisha jibu amekataa katakata. Alisema, "Juzi serikali ilikuwa mbaya, nikaambiwa nifiche. Leo serikali nzuri, naambiwa nifichue. Aliyeniambia yote mawili ni wewe, na mshahara wako unatoka huko huko. Wakija kesho kuchukua mundu wangu, utanisukia wewe?"

Na kinachoniuma ni kwamba hajakosea. Miaka yote miwili nimepigania iandikwe bonde linatoa nini. Sikuwahi kupigania iandikwe kwamba anayepewa asinyang'anywe. Nilimlaumu Rula na rula yake, nikamcheka mhandisi, kumbe shimo lilikuwa kwenye ukurasa wangu mwenyewe.

Jana Jumatatu niliingia kwa Rula nikamweleza yote, hata la jino. Alivua miwani, akanitaka niyaandike na kutia sahihi. Nimeondolewa kwenye kazi ile. Sasa niko masjala, chumba kisicho na dirisha, nabandika namba kwenye mafaili mpaka kamati ya nidhamu iniite. Lakini amekubali makarani warudi bondeni mara moja tu, Alhamisi ya wiki ijayo, na uamuzi usubiri. Na kabla sijatoka nilimwomba aweke sentensi moja juu ya maswali: kwamba jibu la mtu halitatumiwa kumnyima mavuno yake. Alibisha, akaandika, akapiga muhuri. Nakala yake nimeiweka humu ndani ya bahasha.

Sasa ombi langu. Mama anasema atakusikiliza wewe tu, maana wewe hujawahi kula mshahara wa serikali. Isome hiyo nakala, dada. Mpe na shemeji, kwa kutafuta ubaya wa kitu hana mpinzani. Mkiiamini, mpigie mama kabla ya Alhamisi hiyo, naye atawaambia wenzake. Msipoiamini, usimpigie. Bonde litafukiwa na mimi nitakuwa nimeshiriki, lakini sitakulaumu wewe wala yeye. Safari hii sitamfundisha mtu la kusema.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, mwambie mkubwa kitabu chake nimekipata. Mama anawasalimu sana, na anauliza mkeka wa mwisho aliowatumia umekaa vizuri chumbani au ulikuwa mfupi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitindamimba