Foronya ya Mchaichai

Mama Ciku,

Mwangi wa maabara alikuja hapa Kimbo Jumapili baada ya kanisa. Nilimpa chai. Akakalia kiti chako.

Alikuja kuomba ile foronya uliyoileta nyumbani. Anasema ndicho kitambaa pekee kilichokubali. Vile vifuko vyenu vidogo kuliko unga, vya jelatini na gundi ya mgunga, bado vimeshika, na mafuta ya mchaichai yamo ndani, ingawa tumeifua sana. Kule kiwandani Thika wamejaribu tena tangu ututoke, lakini vinatoka na maji ya kwanza. Anataka aipime ajue ulifanyaje.

Nikaileta. Kabla sijasema lolote akaisugua kwa kidole gumba, akanusa. Harufu ikajaa chumba. Mimi tangu tukuzike nailalia bila kujigeuza, kwa sababu ulinikataza: "Baba Ciku, usisugue ovyo. Kikipasuka kimepasuka." Yeye alisugua mara mbili.

Halafu akaanza kunieleza habari zako, kana kwamba sikujui. Eti siku vifuko viliposhika ulimpiga bega ukamwita mchawi. Eti jaribio likiharibika ulikuwa unaimba huku ukiosha vyombo. Nikamuuliza uliimba nini. Hakumbuki. Mtu alipewa sauti hiyo kila siku, na hakumbuki.

Hapa hukuimba. Ulikuwa ukifika umechoka, unaweka miguu kwenye karai la maji ya moto, nakukaangia viazi, tunanyamaza. Nilipenda tukinyamaza. Nilidhani hapo ndipo nakupata wote. Sasa naonea wivu hata sinki la kiwanda.

Mwangi aliondoka bila foronya. Ciku anasema nimpe tu. Ananikumbusha kwamba ulianza kazi hiyo alipougua malaria, ukitaka nguo zifukuze mbu watu wakiwa wamelala. Najua. Lakini ikifaulu, watu wa huku kote hadi Mugutha watalala na harufu yako, na wengine hata hawatauliza ilitoka kwa nani.

Nimeikata katikati. Jumamosi nitampelekea nusu, nakuahidi, na nitamwambia asisugue ovyo. Nusu uliyokuwa ukiwekea shavu inabaki kwangu. Najua nayo itaisha harufu. Nitaendelea kuilalia, na Mwangi akirudi kuiomba, nitamwambia imepotea.

Pumzika, mpenzi.

Baba Ciku