Kichupa chenye Herufi K

Jumatatu, 6 Mei

Mafua yamekwisha. Asubuhi nimesikia harufu ya kahawa, nikafurahi kama mtoto. Furaha ya nusu saa.

Nilikuwa sakristia na sista anayeitunza, tukipanga vitu vya ziara ijayo. Akafungua kichupa cha Krisma, mafuta ya Kipaimara, akijaze. Harufu ya zeri ikaenea chumba kizima. Nikasema, kumbe inanukia hivi, siku ile ya Kipaimara mafua yaliniziba kabisa. Akasema siku ile sikutumia hiki. Nilitumia chenye K.

K! Nilikotoka, K ni Krisma. Hapa K ni Katekumeni — mafuta ya wanaojiandaa kubatizwa. Krisma haina herufi, ina msalaba mdogo tu kwenye kifuniko. Nilidhani ni urembo. Nyumba hii hata bakuli la sukari lina msalaba.

Tarehe 28 Aprili niliwapaka watu themanini na sita mafuta yasiyo yenyewe. Kipaimara bila Krisma si Kipaimara, hilo analijua hata mseminari wa mwaka wa kwanza. Nami ni askofu. Jimbo lina miezi saba, mimi nina miezi saba tangu nivuke mpaka, na hicho ndicho kilikuwa Kipaimara changu cha kwanza hapa.

Nikamuuliza sista: uliona? Aliona. Mbona hukusema? Akatazama sakafu.

"Nilidhani kwenu ndivyo mnavyofanya, Baba."

Jumanne, 7 Mei

Nimemwambia makamu wangu. Ni padri wa hapa hapa, ndiye wengi waliyemtaka awe askofu. Hajawahi kunionyesha kinyongo, hata kwa jicho. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango. Ushauri wake: tunyamaze. Mwakani tutafute sababu, tuwaite, niwapake upya kimya kimya. Nikitangaza, watu watasema: si tulisema? Watu gani? Akakohoa.

"Wale wanaokuita Mgeni."

Kumbe nina jina. Sikujua.

Hana ubaya. Ananihurumia, na huruma yake inanitisha kuliko kinyongo. Niandike na hili, maana hakuna wa kulisoma: ushauri wake niliupenda. Niliupenda sana.

Jumatano, 8 Mei

Sijala. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe — na hayo nayo pengine si yenyewe. Nimecheka peke yangu ofisini, karani akachungulia.

Naogopa. Si Mungu ninayemwogopa, na hilo nalo linanitia hofu. Nawaogopa wale themanini na sita. Uso nitauweka wapi? Lakini mmoja wao anafunga ndoa mwezi ujao, mwingine ameomba kuingia utawa. Kila mmoja anaamini ana kitu ambacho sikumpa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepiga moyo konde. Barua imekwenda kwa paroko wao, isomwe Jumapili. Nimeandika wazi: kosa ni langu, si la sista, si la paroko. Nitarudi Pentekoste niwape Kipaimara cha kweli. Makamu ameisoma, amesahihisha neno moja, amenirudishia bila kunitazama.

Jumapili, 12 Mei

Paroko amepiga simu. Imesomwa. Walifanyaje? Walikaa kimya, Mhashamu. Kimya cha namna gani? Kimya tu, Mhashamu.

Jumapili, 19 Mei

Naandika sakristia ya parokia yao. Dakika kumi kabla ya Misa. Nimechungulia: wamekuja wote themanini na sita, pamoja na wadhamini wao. Nilitegemea nusu. Nimefurahi, nimewahesabu tena.

Sasa hivi katekista amebisha hodi. Mzee mpole, kofia mkononi. Anasema wamezungumza wao kwa wao huko nje. Hawana hasira, Baba. Wanakuombea. Ila wanaomba, kama sheria inaruhusu, paroko ndiye awapake.

Sheria inaruhusu. Mistari miwili ya kumpa paroko ruhusa, na sahihi yangu, basi. Naweza pia kukataa. Watakuja mbele tu, ni watu wa adabu, watainua nyuso zao mmoja mmoja, nami nitawapaka huku nikijua.

Nimemuuliza: wote?

Akaigeuza kofia mara mbili.

"Isipokuwa bibi mmoja, Baba. Yule hasikii vizuri. Bado hatujamweleza."

Kwaya imeanza wimbo wa kuingia. Katekista yuko mlangoni, anangoja. Nimechukua karatasi, nimeandika "Mimi, Askofu wa" — hapo nimekwama. Ubeti wa pili sasa.