Harufu ya Blugamu Nguoni Mwangu

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei? Huku Mogogosiek sote ni wazima. Mvua imekuja vizuri, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama mafuta ya majani unayojifunza huko chuoni yanaweza kuponya huzuni. Nitakuambia tu nilichokiona.

Baba yangu alifariki miaka ile baada ya uhuru. Mama akajifungia ndani, hataki kuongea na mtu. Mimi nilikuwa msichana, nimepata kibarua kwa mzee mmoja aliyetengeneza mafuta ya blugamu, yaani mikaratusi. Tulishindilia majani kwenye pipa juu ya maji, tukaziba mfuniko kwa udongo, tukawasha moto. Mvuke ulipita kwenye bomba lililolazwa mtoni, ukapoa, ukadondoka chupani. Mafuta yalielea juu ya maji, nasi tukayaengua.

Jioni moja nilipoingia nyumbani, Mama aliinua kichwa.

"Umebeba nini kinachonukia hivyo?"

"Sijabeba kitu, Mama. Ni mafuta ya majani, yameshika nguo."

"Majani yanatoaje mafuta?"

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa. "Twende kesho ujionee," nikamwambia.

Asubuhi alijifunga kitambaa kichwani, tukaenda. Alichuchumaa kando ya bomba, akakinga tone kwa kidole, akalinusa, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi.

Sijui kama ni mafuta yaliyomsaidia, au ni ile hamu ya kujua. Ninachojua ni kwamba kesho yake alinitangulia njiani.

Ni mimi Kogo, nyanya yako, ninayekuombea kila siku.