Nilivyokuwa Lori Mbele ya Mama Mkwe

Awendo, Jumapili jioni, Agosti 1995

Mvua imetupiga kuanzia Ndhiwa, viatu vyangu vya harusi vimekula matope hadi kwenye kamba, na magoti yananiwaka moto. Lakini andika kwa herufi kubwa, wewe shajara: NIMESHINDA!

Mimi nimeendesha lori hadi Kampala. Mwanza wananijua, Mombasa wananikumbuka. Shule niliachia darasa la sita, barabara ikanimalizia masomo. Hakuna kizuizi cha polisi ambacho sijakipita kwa mdomo mtupu. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kimenishinda, nacho kiko Magunga, kwenye lango la mama mkwe.

Mapacha walipozaliwa, mke wangu, Mama Akinyi, aliugua sana, tukampeleka binti yetu Akinyi kwa dani yake, nyanya mzaa mama, akae kwa muda kidogo. Muda kidogo ukawa miaka miwili. Januari anaingia darasa la kwanza, na sisi tunataka asomee hapa, alale nyumba moja na ndugu zake. Nimeshaenda kumchukua mara mbili. Mara zote mbili alijificha nyuma ya gauni la dani, nikarudi mikono mitupu.

Mama mkwe alisema wazi: "Mtoto si miwa, afungwe kamba na kupakiwa. Siku atakayotoka hapa kwa hiari yake, sitamzuia."

Sababu naijua. Hapa Awendo nikifungua mdomo, hata mizani ya kiwanda cha sukari inacheka. Lakini kwa wakwe, sisi Wajaluo, mwanamume hugeuka sanamu. Unavaa koti, unakaa pembeni, hucheki ovyo, mama mkwe humwangalii usoni. Kwa hiyo mtoto wangu alinijua kama mtu fulani wa koti ambaye husafiri kutoka mbali ili aje kunyamaza.

Hata mimi ningejificha.

Wiki iliyopita, sokoni Migori, niliona kitabu cha picha kimejificha kati ya nguo kuukuu za watoto. Kiingereza chake ni kile cha Wazungu wenyewe, cha puani, sikukiweza. Lakini picha hazina Kiingereza. Kuna msichana mwenye mwavuli uliovunjika. Anaupindua anakaa ndani, tayari ni mashua. Anaulaza anajikunyata chini yake, ni kobe. Anauzungusha, ni tingatinga. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nguo akaniuliza, "Mzee, unanunua au umekuja sinema?"

Leo asubuhi Mama Akinyi alinifunga tai kwa mkono wake. "Baba Akinyi, usilete mzaha kwa mama yangu. Na ukirudi peke yako tena, utalala kwenye lori."

Kumbe amri hizo mbili haziwezi kukaa gari moja.

Nikafika Magunga, nikaketi kwenye kiti changu cha usanamu. Akinyi nyuma ya gauni, kama kawaida. Nikafungua kitabu, nikajifanya najisomea mwenyewe, kwa sauti. Maneno nilitunga, lakini nani angenishtaki? Mashua. Kobe. Tingatinga. Kila nikifungua ukurasa, gauni lilikuwa linanisogelea kidogo.

Mama mkwe haongei nami moja kwa moja. Akamwambia kuku wake: "Mwavuli ni mwavuli. Watu wazima siku hizi wanadanganya watoto mchana kweupe." (Haya yote yalisemwa kwa Kijaluo. Naandika Kiswahili kwa sababu mimi ni mtu wa dunia.)

Kisha nikafika mahali ambapo msichana ameupanda mwavuli, anakaribia kuondoka. Nikafungua. Hakuna. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Halafu?"

Miaka miwili, na hilo ndilo neno la kwanza mtoto wangu ameniambia.

Mimi, bingwa wa maneno, nikakwama. Nikasema ukweli: "Sijui, mama. Pamechanwa."

Akanitazama kama fundi anayetazama injini. Akaingia jikoni, akatoka na ungo wa dani. Akaushika mbele yake kwa mikono miwili, akauzungusha kulia, kushoto. Usukani! Halafu akaninyooshea kidole.

"Wewe ni lori. Inama."

Nikasikia jasho likitembea ndani ya koti. Mkwe mzima, na tai, apige magoti na mikono kwenye vumbi mbele ya mama mkwe? Habari hiyo ingefika Awendo kabla yangu. Nikamtazama mtoto. Ungo ulikuwa umeanza kushuka.

Nikainama.

Akapanda mgongoni. Akavuta tai, honi, nikalia pooo! Nikapandisha gia, nikakohoa kama lori la miwa kwenye kilima. Akinyi akacheka, kicheko kilekile changu, kibaya, cha sauti kubwa. Tukapita ghala, tukapita mbuzi, tukaelekea langoni. Hapo nikaona miguu ya mama mkwe imesimama njiani.

Nikajua nimekwisha.

Akaingia ndani, akarudi na mwavuli wake mweusi wa kanisani, akaulaza kukatiza lango. Akanyoosha mkono juu.

"Simama! Dereva, lori gani hili linatoa jasho?"

"Ni kuukuu, afande," Akinyi akajibu. "Lakini linafika."

"Umebeba nini?"

"Miwa."

Akinyi akachuma jani la mpera, akamnyooshea. "Chukua ya chai, afande."

"Mimi ni Msabato. Hongo sili, na chai pia sinywi." Mama mkwe alikuwa amekaza uso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha sauti yake ikashuka. "Dereva, nieleze vizuri. Unaenda wapi?"

Lori likazima injini. Lori liliacha hata kupumua.

"Awendo," Akinyi akasema. "Kwa mama. Na kwa watoto."

Mama mkwe akainama, na kwa mara ya kwanza tangu nioe, akaniangalia usoni. Nadhani lori halina mkwe.

"Lori hili lisikimbie," akasema. "Na likizo limrudishe dereva hapa, la sivyo nitalikamata."

Akauinua mwavuli.

Akinyi aliteremka ng'ambo ya lango, akasimama kwa miguu yake, akanishika mkono. Dani akamletea nguo zake na kuku yule yule aliyekuwa akiambiwa mambo yangu. Tukapanda pikapu ya samaki hadi Ndhiwa, tukateremka tukiwa tunanuka lakini tukiwa wawili.

Mama Akinyi alipotuona mlangoni alilia, kisha akaona magoti ya suruali, akacheka. Sasa hivi Akinyi amewakalisha mapacha kwenye karai na anawafokea wasimwage miwa.

Kesho alfajiri narudi kwenye lori la chuma. Litaniona lori mwenzake mshamba.

Sijui ni nani aliyezichana kurasa za mwisho za kile kitabu. Popote alipo, wewe shajara, nani atanifikishia shukrani?