Viti vya Mtakuja

Jumatatu, 2 Septemba. Lusewa.

Kaya sita leo. Bado kumi na moja hapa Bondeni. Kishikwambi kinazima kikipata joto, kwa hiyo nakifunika kwa khanga kama mtoto mchanga. Maswali ni yale yale. Paa la nini. Sakafu ya nini. Jana mlikula mara ngapi. Viti vingapi, mbuzi wangapi, ng'ombe wangapi.

Mradi unalinganisha hali ya maisha ya wahamiaji wa vitongoji viwili. Bondeni ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini. Mtakuja ni watu wa ng'ambo ya Ruvuma, waliokimbia vita Msumbiji zamani wakabaki. Watakaoonekana wako chini zaidi watachimbiwa kisima kirefu. Kisima ni kimoja. Wananchi hawajaambiwa, eti wasije wakatudanganya. Sisi wadadisi tumeambiwa na tumekatazwa kusema.

Mzee Masanja alinipa maziwa mgando, bakuli zima. Nilipofika kwenye ng'ombe akatazama pembeni. Akasema ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Nikauliza mara ya pili, kama tulivyofundishwa. Akasema niandike ninachokiona. Mifugo ilikuwa malishoni, sikuona kitu. Kishikwambi hakikubali nafasi wazi, kinataka namba. Nikaweka sifuri.

Waliomfuata walijibu hivyo hivyo. Sifuri sita kwa siku moja, na maziwa yao tumboni mwangu.

Jumatano, 4 Septemba. Lusewa.

Leo Mtakuja. Mwenyekiti wa kitongoji alitoa taarifa jana, kila nyumba imefagiliwa hadi njiani.

Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Awetu. Mjane, anaishi na wajukuu. Viti sita vya plastiki vya bluu vimepangwa kwa safu. Kimoja mguu ulipasuka ukashonwa kwa waya. Chai kwenye chupa nyekundu yenye picha ya jogoo, kizibo chake ni gunzi la mahindi. Mbuzi mmoja amefungwa mlangoni, pembe moja imevunjika. Nikaandika: viti sita, chupa ya chai moja, mbuzi mmoja.

Maji wanachota mchangani mtoni. Wanaamka alfajiri, wanarudi jua limeshapanda. Mwezi huu vitalu vya tumbaku navyo vinataka maji. Nilimwona mwanamke mmoja ananawa uso kwa maji ya kuoshea vikombe. Hilo halina swali lake kwenye dodoso.

Uchovu. Miguu imevimba.

Alhamisi, 5 Septemba. Lusewa.

Nyumba ya tatu leo nilikaribishwa kwenye kiti chenye waya.

Nikadhani na wao wana kama kile. Chai ikaja. Jogoo. Gunzi. Mbuzi wa pembe moja yuko mlangoni anapumua kwa nguvu, kama aliyeletwa mbio. Nyuma ya nyumba nikasikia miguu ya watu wanakimbia na mtu anacheka kwa kujizuia.

Nikaandika: viti sita, chupa moja, mbuzi mmoja. Nyumba ya nne, vile vile. Ya tano, vile vile.

Najua ni nini. Mama yangu alifanya hivyo kwetu Matogoro, pale Songea, miaka yote. Mgeni akisikika anakuja, vitu vyote vizuri vya mtaa vinaingia nyumba moja. Na alinifundisha upande wa pili pia. Ukienda kwa mtu ukakalia kiti cha jirani yake, huulizi ni cha nani. Macho hayana pazia, lakini ya mgeni yanatakiwa yawe nalo. Kuuliza ni kumvua mtu nguo mbele za watu.

Kwa hiyo sikuuliza.

Ijumaa, 6 Septemba. Lusewa.

Tumemaliza. Tulisimama wakati wa swala ya Ijumaa, tukaendelea hadi alasiri. Mbuzi amechoka kuliko mimi.

Nilipoaga, Bibi Awetu alinishika mkono akaniuliza kama nimewaona wako vizuri. Nikasema nimewaona, bibi, mko vizuri. Akafurahi. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Songea mjini.

Sikusema uongo. Sikusema kweli pia. Nilivuka Ruvuma nikiwa mgongoni kwa mama, hata mwaka sijautimiza. Kazini sijawahi kumwambia mtu. Hakuna aliyenikataza. Nimezoea tu kunyamaza.

Jumapili, 8 Septemba. Matogoro.

Nyumbani. Baridi ya asubuhi inashuka kutoka mlimani hata Septemba hii. Mama amekaa chini barazani, miguu ameinyoosha, anachambua mboga. Viti anavyo sasa, vinne, vyake mwenyewe. Havikalii.

Nikamweleza habari ya mbuzi. Nilitaka acheke. Alicheka kweli, hadi machozi, akaongea Kiyao peke yake. Kisha akaniuliza niliandika nini. Nikamwambia. Akaacha kucheka.

Akasema, "Mficha uchi hazai. Lakini aliyemfunika ni wewe."

Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Akarudi kwenye mboga zake. Nimekasirika siku nzima na sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 17 Septemba. Songea.

Matokeo. Neema, mratibu wetu, alituonyesha ukutani. Ni binti wa Moshi, kwa umri ningeweza kumzaa, mpole, anafanya kazi hadi macho yanakuwa mekundu. Michoro miwili ya rangi. Mtakuja: nafuu. Kila kaya ina viti, ina chupa ya chai, ina mbuzi. Bondeni: duni. Hawana viti, hawana mfugo hata mmoja.

Mwenzangu mmoja akauliza wafugaji gani hawa wasio na mifugo. Neema akasema labda waliuza wakati wa kuhama. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia.

Kisima kinakwenda Bondeni. Barua itaandikwa wiki ijayo.

Jumatano, 18 Septemba.

Sikulala vizuri. Kazini nimejaza fomu za nauli. Sijasema kitu.

Bondeni wana mikokoteni ya ng'ombe, wanabeba mapipa. Mtakuja wanabeba kichwani. Bibi Awetu naye anabeba. Nimeona shingo yake.

Lakini watoto wa Bondeni nao wanakunywa maji ya bwawa moja na ng'ombe. Nimeliona na hilo. Najaribu kujiambia kwamba ukweli una faida kwa wote. Hauna. Kisima ni kimoja.

Alhamisi, 19 Septemba.

Nimesema.

Nilisubiri wengine watoke kwenda kula. Nikamweleza Neema yote, viti, chupa, mbuzi, na zile sifuri. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Mama Rehema, uligundua siku ya ngapi?"

"Ya pili."

"Na ukaendelea kuandika siku ya tatu."

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini.  Ningemwambiaje? Kwamba kwetu ni adabu? Angeniuliza kwetu ni wapi. Nikasema, "Niliona aibu." Akadhani namaanisha aibu yangu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema tutarudi Jumanne vitongoji vyote viwili, alfajiri, bila kumtaarifu mwenyekiti yeyote. Tutahesabu kwa macho. Mimi nitakwenda naye kwa sababu nazijua nyumba. Baada ya hapo mkataba wangu hautaongezwa. Nikamwambia ni haki. Ni haki kweli, lakini nimelia chooni.

Jumanne, 24 Septemba. Lusewa.

Naandika kwa shida.

Tulianza Bondeni kabla mazizi hayajafunguliwa. Ng'ombe wote wamo ndani, wengi, mvuke unapanda migongoni mwao. Neema akaanza kuhesabu kwa kidole. Mzee Masanja alitoka amejifunika blanketi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, sauti ya chini, akasimama pembeni anatutazama tunahesabu. Hakutuambia tuache. Neema alipomaliza zizi lake na kuhamia la jirani, mzee aliniambia mimi, si yeye: "Maziwa yangu ulikunywa, mama. Ungeniuliza tena."

 Kwamba nilimuuliza mara mbili si jibu.

Halafu Mtakuja. Gari liliingia wanawake wanatoka mtoni na ndoo vichwani. Walipotuona walisimama. Mmoja akageuka kukimbia nyuma ya nyumba, maji yakamwagika yote. Neema akasema kwa upole asiende popote, tunapita tu.

Tukapita. Nyumba baada ya nyumba. Mkeka. Mkeka. Kigoda. Viti vya bluu vilikuwa nyumba moja, ya msimamizi wa madrasa, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kumbe ni vya watoto wa madrasa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwake pia.

Kwa Bibi Awetu hapakuwa na kitu. Hivi tu. Chungu kimoja, mkeka, na nguo za wajukuu kwenye kamba. Alikuwa amekaa chini anakula uji uliobaki jana. Hakuinuka. Alivuta khanga akafunika bakuli.

Neema aliandika. Kisha akamuuliza, kwa heshima kabisa, maskini, hakujua anachofanya: "Bibi, vile viti tulivyoandikiwa viko wapi?"

Bibi Awetu hakumtazama Neema. Alinitazama mimi.

Jumatano, 25 Septemba.

Tumerudi Songea. Karibu na mjini Neema alisema kisima kitakwenda Mtakuja, takwimu zinaonyesha wazi. Akasema nimefanya jambo jema mwishoni. Nikamwomba asiniambie hivyo.

Nimerudisha kishikwambi na kitambulisho. Wamenipa risiti.

Jumapili, 29 Septemba. Matogoro.

Nimemweleza mama sehemu ya pili. Bakuli la uji.  Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Walipovuka, mwanamke wa upande huu aliwapokea, akawaandika majina kwenye daftari la wakimbizi. Mama alikuwa na khanga moja tu mwilini. Yule mwanamke alipofika kwenye safu ya nguo alimtazama, akaandika khanga mbili. Mama hajui hadi leo kama ilikuwa huruma au kukosea. Anasema alitembea siku hiyo kama mtu mwenye khanga mbili. Halafu zilipogawiwa nguo, yeye hakupewa.

Nikamuuliza alimchukia? Akasema alimpenda na aliona baridi, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Nimepata vipindi vya kujitolea shule moja binafsi, hisabati darasa la tano. Watoto wanauliza sana. Nawaacha waulize.

Nimesikia mtambo wa kuchimba umepita kuelekea Lusewa. Mzee Masanja ametuma salamu kwa dereva wa mradi. Amesema niambiwe kwamba ng'ombe wake wamemnyima maji. Dereva alicheka aliponieleza. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 26 Oktoba. Lusewa.

Nimekwenda kwa nauli yangu. Basi hadi Lusewa, kisha bodaboda. Sukari kilo mbili na majani ya chai kwenye mfuko.

Nilimwomba dereva wa bodaboda apitie Bondeni kwanza. Mzee Masanja hakuwepo, yuko na mifugo mbali, bwawa limekauka. Niliacha kilo moja ya sukari kwa mkewe. Aliipokea. Hakunipa maziwa na sikutarajia.

Mtakuja pampu ya mkono ya kisima imewekwa tangu Alhamisi. Kuna foleni ya ndoo, hakuna kelele. Wanawake walinisalimia kawaida, wakaendelea kusukuma. Hakuna aliyekimbia nyuma ya nyumba.

Bibi Awetu alikuwa uani kwake, anachagua njugu mawe kwenye ungo. Nikamwamkia. Akaitikia. Nilisimama pale na mfuko wangu, sijui kwa muda gani. Kiti hakikuletwa.

Nikakaa chini. Nikanyoosha miguu kama mama. Baada ya muda akausogeza ungo katikati yetu. Mbovu huku, nzima kule. Tulichagua. Mjukuu mmoja alileta maji kwenye kikombe cha bati, nikanywa. Yana ladha ya chuma. Ni baridi.

Kisha nikasema. Kwamba mama yangu alivuka mto ule ule, mimi nikiwa mgongoni. Kwamba siku ile nilimwambia Songea.

Hakuacha kuchagua. "Nilijua," akasema. "Ulikalia kile kiti cha waya, ukakikuta na nyumba nyingine, hukuuliza ni cha nani. Mgeni angeuliza." Akatupa njugu mbovu. "Ndiyo maana iliniuma uliporudi na yule binti."

Nikasema, nisamehe, bibi.  Aliuliza kama mama yuko hai. Nikasema yuko hai, magoti tu yanamsumbua. Akauliza jina lake, ukoo wake, walivukia wapi. Nikamjibu yote. Akarudia jina la mama polepole.

Ungo ulipokwisha nikakung'uta mikono. Nikamwambia mama angefurahi kumwona, nikauliza nimlete lini.

Akasema siku yoyote. Tusitoe taarifa.